Nyeusi Ndiyo Huoza Kwanza

Leso ya zamani (kanga, kama wasemavyo wenzetu wa Unguja na bara) haichakai sawasawa. Nyekundu hudumu, nyeupe hugeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini nyeusi huoza. Chukua kisutu, leso ya harusi, cha miaka mia hivi ukiinue mbele ya dirisha: mwanga utapenya palepale palipochapwa weusi. Mistari myeusi imekuwa mipasuko, madoa meusi yamekuwa matundu, na kilichobaki kimeshikana kwa nyuzi chache. Watu husingizia nondo. Nondo hula sufu na hariri. Pamba hana haja nayo. Kinachoila nguo ni rangi yake yenyewe. Weusi wa wakati ule ulipatikana ama kwa chumvi za chuma ama kwa anilini, na njia zote mbili huidhoofisha pamba polepole, hata kama nguo imelala sandukuni miaka yote bila kuguswa na mtu.

Kwa hiyo mtu akiniletea leso na kuniambia ni ya nyanya wa nyanya yake, na weusi wake bado umekaza kama wa juzi, sibishani naye. Naipokea, nashukuru, kisha naigeuza ndani nje.

Nakusanya nguo za wanawake wa pwani za tangu miaka ya 1890 hadi ya 1930: leso, kaniki, mabuibui ya mwanzo, kanzu za hariri na suruali za marinda zilizovaliwa Unguja, na barakoa za wanawake za kufunika uso, nikibahatika. Sikusomea kazi hii. Niliokota moja moja, kwa mashangazi waliokuwa wakianika masanduku yao baada ya masika, kwa mafundi wa kupinda leso wa mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na zaidi kwa nguo zenyewe. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Ninapoipata nguo, huanza na pindo la ushonaji, wala si maua. Doti, yaani jozi ya leso, hutoka kiwandani kipande kimoja, leso zote mbili zimeungana. Mnunuzi hukata katikati na kupinda ncha. Kwa hiyo kila leso ina pande mbili zilizoshonwa na mtu wa huku, na hapo ndipo panapoweza kusomwa. Mshono wa mkono huonekana mara moja: hatua hazilingani, uzi umevutwa zaidi mahali, umelegea pengine, na mara nyingi kona imepigwa fundo dogo. Cherehani za mkono zilikuwa zimeshafika pwani mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo mshono wa mashine si ushahidi kwamba nguo ni mpya. Cha kuangalia ni uzi. Unachomoa kipande kifupi kutoka ndani ya pindo, unakishika kwa kibano, unakiwasha kwa kiberiti. Pamba huwaka na kunuka karatasi iliyoungua, ikaacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta haikuwa sokoni kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, basi uzi wa poliesta hauwezi kuwa wa 1910.

Lakini hapo watu wengi huishia njiani. Uzi mpya hukupa tarehe ya mshono tu. Leso ikitatuka pindo mwaka 1975, mwenyewe ataipeleka kwa fundi, naye fundi atatumia uzi alio nao. Ninazo leso zenye mishono ya aina tatu kwenye upande mmoja: wa mkono, wa cherehani kwa uzi wa pamba, na kiraka cha juzijuzi cha uzi unaong'aa. Hiyo kwangu ni bora kuliko leso isiyoguswa, maana inaonyesha kwamba kuna watu walioona inafaa kuokolewa, si mara moja.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakigharimu sana na kinapatikana dukani kwa kila mwenye kuuza: ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Sabuni za unga za siku hizi, na nyuzi nyingi za kisasa, zina dawa ya kung'arisha inayowaka weupe wa buluu chini ya taa hiyo. Dawa hizo hazikuwepo zama za bibi zetu. Zima taa ya chumba, mulika nguo. Ikikaa kimya, haiwaki popote, ni dalili njema. Ikiwaka mshono peke yake, mshono ni mpya. Ikiwaka nguo nzima, usikate tamaa bado. Huenda kuna mjukuu aliyeifua kwa sabuni ya unga akidhani anafanya wema.

Uchapaji nao una lugha yake. Leso za mwanzo kabisa, za karne ya 19, zilikuwa vitambaa vidogo vya mraba vilivyoshonwa pamoja, sita kwa kawaida, tatu kwa mbili, na ukipapasa utakuta mishono inapita katikati. Baadaye zikaja zilizochapwa nzima. Nyingi zilichapwa Ulaya, katika miji kama Manchester na Helmond, kisha miaka ya kati ya vita viwili zikaanza kuingia na za Japani. Zilizochapwa kwa vibao vya mbao hazijifichi: tazama pale ua linapojirudia kwenye pindo, utakuta limepishana kidogo na mwenzake, au rangi ya pili imepanda juu ya mpaka wa ya kwanza. Geuza nyuma. Rangi iliyoingia vizuri hukaribia kulingana pande mbili. Iliyochapwa juu juu, upande wa nyuma umepauka kabisa. Hiyo mara nyingi ni ya miaka ya karibu, iliyotengenezwa iuzwe rahisi.

Kisha jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso. Mwanzoni majina mengi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa muda mrefu ziliendelea hivyo sambamba na zile za Kirumi. Ukikuta herufi za Kirumi zenye tahajia isiyofuata Kiswahili sanifu, fahamu kwamba usanifishaji wenyewe ulishika kasi baada ya 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Chapa ya mwenye biashara pia husaidia, ila kwa kiasi. "Mali ya Abdulla" ni maandishi ambayo kila mtu wa pwani amepata kuyaona, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale alinionyesha chapa hiyo kama hati ya kuzaliwa: "Angalia mwenyewe, ya tangu 1887." Mwaka wa duka si mwaka wa leso. Duka bado lipo, na chapa bado inachapwa.

Nije kwenye visutu, kwa sababu ndivyo nilivyo navyo vingi, na kuna sababu yake.

Kisutu, kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni nguo ya harusi. Hakivaliwi jikoni. Kilitolewa kwa sherehe, kikafukizwa udi, kikarudishwa sandukuni. Leso ya kawaida haikuwa na bahati hiyo. Mwaka wa kwanza ni ya kutokea, baada ya hapo ni ya nyumbani, kisha ya jikoni, kisha mbeleko, kisha anafutiwa nayo mtoto, kisha inashikiwa sufuria, kisha ni tambara la kudekia, na mwisho ni utambi au inatupwa. Iliyopendwa na kuvaliwa sana ndiyo isiyobaki. Basi yeyote anayefungua mkusanyiko kama wangu, au anayetazama kabati la kioo kwenye jumba la makumbusho, akajiambia "hivi ndivyo walivyovaa", anaziona sikukuu zao. Siku za kazi hazimo.

Na hata kisutu mara nyingi hukipata kimoja bila mwenzake. Zamani nilihangaika kutafuta doti kamili. Siku hizi huuliza mwenzake alikwenda wapi, na majibu yanafaa kuandikwa kuliko nguo: alipewa dada alipoolewa, alifunikiwa jeneza, alikatwa akapewa mtoto wa kwanza ajifunike. Doti nzima isiyokatwa ni nguo ambayo haikupata kuishi na mtu. Wakusanyaji wengi huilipia bei kubwa, mimi huipita.

Ninacho kisutu kimoja ambacho sitakiuza. Kwenye pindo la nyeupe, upande wa juu, kiasi cha shibiri kutoka kwenye kona, kuna alama nne ndogo za rangi ya kutu, zimepangana kwa mteremko. Upande wa pili wa nguo, mkabala nazo, kuna moja pana zaidi. Niliitazama muda mrefu kwa kioo cha kukuzia nikidhani ni kutu ya pini. Kutu hula nguo, hapa pamba ilikuwa nzima. Kisha nilijaribu kuishika nguo pale palepale kana kwamba najifunika, vidole vyangu vinne vikaangukia mbele na kidole gumba kikaangukia nyuma. Ni hina. Kuna mtu aliishika nguo hii vidole vyake vikiwa bado vibichi, na kwa kuwa hina haitoki, ameacha mkono wake pale. Mkono mdogo kuliko wangu.

Manjano nayo huacha doa, ila doa la manjano hufifia likipigwa na jua. Kwa hiyo ukikuta umanjano ndani ya mkunjo na nje hakuna, si lazima iwe uchafu wa sanduku. Huenda ni singo, ile dawa ya kumsugulia bi harusi mwili, na nje umekwishaliwa na mwanga. Mafuta ya nazi huacha duara lenye ukingo mweusi kidogo na harufu ya kuchacha. Udi hukaa miaka mingi kuliko vyote. Haya yote utayapoteza kwa beseni moja la maji. Mimi sifui. Najua wako wanaofua, tena kwa ustadi, kwa maji yaliyochujwa na kipimo cha rangi kwanza, na sina ugomvi na mtu aliyesomea. Lakini mtu wa nyumbani kama mimi na wewe, tuache. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini kupitia kitambaa cha wavu, basi.

Picha za zamani husaidia kujua nguo ilivaliwaje. Studio za Unguja, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho, ziliuza postikadi nyingi za wanawake waliovaa leso, moja imefungwa kifuani chini ya kwapa na nyingine imetupwa mabegani au kichwani. Ni hazina, ila zina mitego miwili. Wa kwanza, studio ilipanga picha. Nguo inaweza kuwa ya studio na si ya mwanamke. Wa pili ni wa kemia. Vioo vya picha vya wakati ule havikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe au kijivu cha kupauka. Kwa hiyo leso "nyeusi" ya kwenye postikadi inaweza kuwa nyekundu ya damu, na ile nguo iliyofifia inaweza kuwa ya buluu iliyokoza. Nimesoma maelezo chini ya picha, yaliyoandikwa na watu wenye vyeo, yakimpa mwanamke nguo ya msiba kumbe yuko kwenye nyekundu.

Kanzu za hariri za Unguja na suruali zake zenye marinda kifundoni ni jambo jingine kabisa, na gharama yake ni nyingine. Jihadhari na hariri ya miaka hiyo. Viwanda vilikuwa na tabia ya kuichovya hariri kwenye chumvi za bati ili iwe nzito na imwagike vizuri, maana hariri iliuzwa kwa uzito. Matokeo yake tunayaona sisi: nguo inapasuka yenyewe kwa mistari mirefu iliyonyooka, ikiwa imetundikwa tu. Ukiona mipasuko ya namna hiyo usiitundike, usiikunje, ilaze. Hakuna sindano itakayoitibu. Kila tundu la sindano ni mpasuko mpya.

Barakoa huzikagua kwa zari. Uzi wa zari wa zamani ni utepe mwembamba wa madini, fedha iliyopakwa dhahabu kwa zile za wenye nacho, umezungushwa kwenye uzi wa hariri au pamba. Huzeeka: hutoka giza, hufanya rangi ya kahawia kwenye mikunjo. Zari ya plastiki haizeeki hivyo. Ikichubuka huonekana utando mweupe au mwangavu. Barakoa inayometameta pande zote bila kivuli chochote, niulize kwanza kabla hujalipa.

Buibui lilienea pwani mwanzoni mwa karne ya 20, na mabuibui ya mwanzo hayafanani na ya sasa. Ni kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa mfano wa gunia lililo wazi juu na chini, lenye kamba ya kukazwa kichwani, na mwili mzima ukizungushiwa. Ni nadra sana kulipata, kwa sababu ile ile ya leso za kawaida: lilivaliwa kila siku mpaka likaisha. Na weusi, tena, unaoza. Nililo nalo mimi nalifungua mara chache, likiwa limelala juu ya meza, na kila nikilifungua hubaki vumbi jeusi mezani.

Kuhusu kuhifadhi nitasema machache. Pwani adui ni unyevu kabla ya mdudu. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni kiwanda cha ukungu. Mimi huzizungusha leso kwenye bomba la karatasi gumu lililovikwa kitambaa cheupe cha pamba kisicho na rangi wala wanga, kisha nikaifunika na kitambaa kama hicho. Wanga kwenye nguo huwaita mende na wadudu wa karatasi, ndiyo maana nguo iliyotiwa wanga na kupigwa pasi vizuri ikawekwa hivyo kwa miaka hutafunwa kuliko iliyowekwa bila pasi. Vidonge vya nondo visigusane na nguo. Nguo mpya iliyoingia nyumbani hukaa kwanza kwenye friza wiki mbili, hapo tu ndipo nitumiapo plastiki, nikiifunga barabara isipate maji, na ikitoka naiacha ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba. Mume wangu amekwishazoea kukuta kisutu juu ya samaki.

Kuna pia wanaotengeneza uzee. Leso ya majuzi huchovywa kwenye chai au kahawa, ikaanikwa, ikauzwa kwa mgeni Mji Mkongwe kama ya zama za Sultani. Kuikamata ni rahisi ukijua pa kutazama: fungua pindo kidogo kwa sindano. Uzee wa kweli huingia kutoka nje, kwa hiyo ndani ya pindo nguo huwa safi na rangi imekoza. Chai huingia kila mahali, na ndani ya pindo hujikusanya ikawa nyeusi zaidi.

Kwa familia siendi na pesa mkononi. Sitii mguu kwenye nyumba yenye eda, wala siulizi sanduku la marehemu kabla ya arubaini na muda mwingine juu yake. Nikikaribishwa naketi, nanywa kahawa, na naomba kwanza kuona, si kununua. Mara nyingi huondoka na jina tu la aliyekuwa akivaa na mtaa alioishi, nikaliandika kwa penseli kwenye karatasi, na nguo ikabaki kwao. Bora ibaki kwao na jina lake kuliko ije kwangu bila jina.

Kilichobaki ninachokitafuta ni kaniki. Vitambaa hivi vya buluu nyeusi, vilivyotiwa nili, vingine hukohuko India upande wa Kutch, vilivaliwa pwani nzima na wanawake wa kazi, na kabla ya uhuru wao viliwatambulisha watumwa. Utumwa ulipokatazwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliivua kaniki haraka walivyoweza wakavaa leso yenye maua. Nani angeiweka kaniki sandukuni? Nani angemrithisha binti yake? Iliendelea shambani na kwenye kazi chafu, ikachakaa, ikaisha. Nguo iliyovaliwa na wengi mno wakati huo ndiyo ninayoikosa.

Nilizipata vipande vipande baada ya kuacha kuitafuta kama nguo. Kiraka nyuma ya kisutu, pale weusi ulipooza, mtu alichukua kilicho karibu akashonea. Bitana ya mkoba. Ganda la ndani la mto wa sufi, chini ya foronya mbili. Huvijua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: nikisugua kidogo, buluu hubaki kwenye kitambaa, maana nili hushika juu ya uzi na haiachi kutoka. Sasa nikiingia nyumba ya watu sikimbilii sanduku. Naangalia mito. Bibi mmoja wa Kuze alinitazama nikipapasa ncha ya mto wake uliopasuka, akaniuliza, "Mwanangu, hata hilo tambara walitaka?" Nikamwambia ndiyo, nyanya, hilo hasa. Akacheka, akaniambia nimshonee mto mpya kwanza, wa sufi, si wa sponji, ndipo tuzungumze. Sufi ya kweli siku hizi si rahisi kupatikana Mombasa. Nimeiagiza Lamu.